Kesi ya Yeremia langoni: mji uliokumbuka nusu

"Hekalu la BWANA, Hekalu la BWANA, Hekalu la BWANA ndiyo haya." Yeremia aliyaita maneno haya uongo (Yeremia 7:4), na aliyasema hayo langoni, mahujaji wakipita kuingia kuabudu. Sasa, ukiyatazama yenyewe, maneno hayo hayana kosa. Kweli lilikuwa Hekalu la BWANA. Sulemani alilijenga, Hezekia aliukunjua humo waraka wa vitisho vya Waashuri akaomba, Yosia alilisafisha likatakata. Hujaji yeyote angeweza kumgeukia yule mtu wa langoni na kumwuliza: uongo uko wapi hapo?

Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki. Tukisikia manabii wakilalamika juu ya watu wenye macho wasioona, akili zetu hukimbilia sanamu za miti na vinyago. Hapa upofu umejificha ndani ya sentensi ya kweli, inayosemwa na watu wa dini, katika nyumba ya Mungu wao wenyewe.

Kisa kimeandikwa mara mbili. Sura ya 7 inatupa hotuba ndefu bila kusema watu waliipokeaje. Sura ya 26 inafanya kinyume: hotuba imebanwa katika mistari michache, kisha yanafuata kukamatwa, mashtaka, utetezi na hukumu. Wachambuzi wengi wanazichukua kuwa habari za siku moja, nami nakubaliana nao. Tarehe iko katika sura ya 26: mwanzo wa kutawala kwake Yehoyakimu mwana wa Yosia, yaani mwaka 609 KK au muda mfupi baadaye.

Mwaka wa wafalme watatu

Mwaka huo Yuda ilitikisika. Yosia, mfalme aliyesifiwa kuliko wote baada ya Daudi, alikwenda Megido kukabiliana na Farao Neko akauawa. Watu wa nchi wakamtawaza mwanawe Yehoahazi, naye hakufikisha hata miezi minne: Neko alimfunga na hatimaye akampeleka Misri, akamweka ndugu yake Eliakimu na kumbadilisha jina akawa Yehoyakimu. Juu ya hayo akatoza nchi talanta 100 za fedha na talanta moja ya dhahabu. Talanta moja ilikuwa kama kilo 34, kwa hiyo tunazungumzia fedha ya zaidi ya tani tatu, na 2 Wafalme 23 inasema wazi kwamba Yehoyakimu aliitoa mifukoni mwa watu, kila mmoja kwa kadiri alivyokadiriwa.

Watu waliopita langoni siku ile, basi, walikuwa wametoka kumzika mfalme, wamempoteza wa pili, na wakusanya kodi wako mlangoni kwao. Tumezoea kusema manabii waliwakemea watu waliobweteka, na picha inayotujia ni ya mtu aliyeshiba, amelala kwenye kitanda cha pembe za ndovu kama wakubwa wa Samaria aliowasema Amosi. Yerusalemu ya 609 haikuwa hivyo. Ilikuwa na hofu. Kauli inayorudiwa mara tatu hutoka kinywani mwa mtu anayejituliza, kama anayepita makaburini usiku akijisemea.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuling'ang'ania jengo lile. Miaka kumi na mitatu hivi kabla ya hapo, mwaka 622 KK, Yosia alianza kufunga mahali pa juu nchi nzima, toka Geba hadi Beer-sheba. Mtu wa kijijini aliyekuwa na madhabahu yake ya karibu alibakiwa na mahali pamoja tu pa kutolea dhabihu. Mageuzi yale yalikusudiwa kuondoa ibada za sanamu, na yalifanya hivyo, lakini pia yaliupandisha mlima mmoja hadi ukawa kila kitu. Sidhani Yosia aliliona hilo likija.

Neno ambalo Yeremia analipigia nyundo ni kitenzi cha Kiebrania *batach*, kutumaini, kuegemea kitu kwa uzito wako wote. Linatokea katika mstari wa 4, wa 8 na wa 14 wa sura ya 7. Ni neno lilelile ambalo Zaburi hulitumia kwa kumtumaini Mungu. Hakuwaambia waache kutumaini. Aliwauliza mgongo umeegemezwa wapi. Hata lile "ndiyo haya" la mwisho, ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, ni wingi katika Kiebrania: ni kama kidole kinachoonyesha majengo, huu ukumbi, hizi nguzo, hizi nyua.

Mwaka 701 na jinsi ulivyosimuliwa

Imani hiyo haikutoka hewani. Ilikuwa na ushahidi.

Mwaka 701 KK Senakeribu mfalme wa Ashuru alishuka Yuda. Maandishi yake mwenyewe yanadai aliteka miji 46 yenye ngome na vijiji visivyohesabika, na kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege katika tundu. Mji wa Lakishi aliuteka, akaona fahari kiasi cha kuchonga tukio lote kwenye kuta za jumba lake Ninawi: miinuko ya udongo ya kupandia ukuta, mateka wanatoka na mikokoteni, wengine wanachunwa ngozi. Michoro hiyo ya mawe iko London hadi leo, katika British Museum. Lakini Yerusalemu hakuichonga, kwa sababu hakuingia. Mwenyewe anajisifia ushuru aliopelekewa, wala hadai kwamba aliuteka mji. Isaya alikuwa amesema neno la BWANA: nitaulinda mji huu, niuokoe, kwa ajili yangu mwenyewe na kwa ajili ya mtumishi wangu Daudi (Isaya 37:35). Na ikawa.

Kutoka hapo hadi 609 ni miaka 92. Babu alimsimulia mjukuu: majeshi yote ya dunia yalikuja, miji yote ikaanguka, huu ukabaki. Ongeza Zaburi ya 48, inayowaalika watu wauzunguke Sayuni na kuihesabu minara yake, na utaona kwamba mtu aliyesema "Hekalu la BWANA" mara tatu hakuwa mjinga. Alikuwa na unabii uliotimia, zaburi ya kuimba na historia ya familia. Ningekuwa langoni siku ile, nadhani ningekuwa upande wake.

Isaya mwenyewe, hata hivyo, hakufurahishwa na namna mji ulivyosherehekea. Katika sura ya 22, ambayo wengi huihusisha na siku hizo, anawakuta watu wamepanda juu ya dari za nyumba, mji umejaa kelele, ng'ombe wanachinjwa, divai inanywewa. Anawakumbusha walivyojiandaa: walikagua silaha, wakakusanya maji ya birika la chini, wakazihesabu nyumba za Yerusalemu na kuzibomoa ili kuimarisha ukuta. Kazi zenyewe tunaziona bado. Mfereji wa chini kwa chini unaohusishwa na Hezekia una urefu wa mita 533, umechongwa mwambani na vikosi viwili vilivyoanza kila kimoja upande wake vikakutana katikati. Na katika miaka ya 1970 Nahman Avigad alifukua kipande cha ukuta wenye upana wa kama mita saba, ukiwa umepita juu ya nyumba zilizovunjwa kuupisha. Isaya hasemi walikosea kujenga. Anasema waliangalia kila kitu wasimwangalie aliyeyafanya hayo tangu zamani.

Kwa hiyo mbegu ya mwaka 609 ilipandwa kwenye karamu ya 701. Wokovu ulihesabiwa kuwa mali ya mji. Sefania, aliyetabiri siku za Yosia, ana taswira ya hali hiyo ambayo wanywaji wa divai wa zamani waliielewa papo hapo: watu walioganda juu ya sira zao (Sefania 1:12). Divai ilipaswa kumiminwa kutoka chombo hadi chombo ili iachane na machicha yaliyotua chini. Ikiachwa hapohapo muda mrefu, inazidi kuwa nzito na kuharibika. Haijamwagika, haijaibwa. Imetulia tu.

Shilo, mwendo wa siku moja na nusu

Jibu la Yeremia kwa kumbukumbu ya 701 lilikuwa kumbukumbu nyingine. "Enendeni sasa hata mahali pangu palipokuwapo katika Shilo," mkaone nilivyopatenda. Hakuwaambia wasadiki, aliwaambia waende kwa miguu. Shilo iko kama kilomita 30 kaskazini mwa Yerusalemu. Mtu angeondoka leo na kesho mchana angekuwa amesimama penye magofu.

Shilo ilikuwa makao ya Sanduku la Agano kabla ya Yerusalemu kuwa mji wa Daudi. Huko kuhani Eli alikaa, na wanawe Hofni na Finehasi wakipora nyama za dhabihu. Waisraeli walipopigwa na Wafilisti waliamua kulichukua Sanduku kutoka Shilo na kulipeleka kambini, wakapiga kelele kuu hata nchi ikavuma. Kelele ile, kwa maoni yangu, ndiyo "Hekalu la BWANA" ya kwanza. Sanduku likatekwa, wana wa Eli wakafa, na mjane wa Finehasi akamwita mtoto wake Ikabodi, utukufu umeondoka.

Lakini fungua 1 Samweli utafute mstari unaosema Shilo yenyewe iliteketezwa. Haupo. Mwandishi anafuata Sanduku kwenye nchi ya Wafilisti na Shilo inatoweka kimyakimya kwenye hadithi. Ni Zaburi ya 78 na Yeremia wanaosema Mungu aliiacha maskani yake ya huko. Wachimbaji wa Kidenmaki katika miaka ya 1920, na baadaye Israel Finkelstein kati ya 1981 na 1984, walikuta vyumba vya ghala vilivyoungua vikiwa na mitungi mikubwa ndani, moto wa katikati ya karne ya 11 KK. Yaani habari ambayo wasimulizi waliipitia juu juu, ardhi iliitunza.

Na kwa nini Yeremia ndiye aliyeitaja? Alikuwa wa makuhani wa Anathothi. Sulemani alipomfukuza kuhani Abiathari, alimwambia aende kwenye mashamba yake, Anathothi, na 1 Wafalme 2:27 inaongeza kwamba hilo lilitimiza neno lililonenwa juu ya nyumba ya Eli katika Shilo. Biblia haimtaji Yeremia kuwa wa ukoo wa Abiathari. Ila alikulia katika kijiji cha makuhani ambako kizazi cha Eli kilipelekwa kuishia, kama kilomita tano tu kutoka Hekaluni. Kijiji hicho kilijua jambo ambalo mji mkuu haukuwa na haja ya kulijua: nyumba ya BWANA huweza kufungwa, na makuhani wake wakaishia kulima.

Walichosikia waliomshitaki

Makuhani, manabii na watu wote walimkamata wakisema lazima afe. Wakuu wa Yuda waliposikia wakapanda kutoka jumba la mfalme, wakaketi penye lango jipya, na kesi ikaanza. Mashtaka ya makuhani na manabii yalikuwa mafupi: mtu huyu amestahili kufa, maana ametabiri juu ya mji huu, kama mlivyosikia kwa masikio yenu.

Linganisha na alichosema. Hotuba ya sura ya 7 ina sharti ndani yake tangu mwanzo: tengenezeni njia zenu, fanyeni hukumu ya haki kati ya mtu na mwenzake, msimwonee mgeni, yatima na mjane, msimwage damu isiyo na hatia. Inataja wizi, mauaji, uzinzi, viapo vya uongo, uvumba kwa Baali. Inauliza iwapo nyumba hii imekuwa pango la wanyang'anyi. Pango si mahali pa kunyang'anyia, ni mahali pa kurudi na kupumzika baada ya kazi, na hapo ndipo ukali wa neno ulipo. Sura ya 26 nayo inaanza na "labda watasikia". Katika mashtaka, yatima ametoweka. Mjane ametoweka. "Kama" ya sharti imetoweka. Kimebaki kitu kimoja: jengo.

Hapo ndipo naona upofu kwa macho, ukiniruhusu kusema hivyo. Washitaki hawakusingizia. Neno walilomnukuu alilisema kweli, nyumba hii itakuwa kama Shilo. Masikio yao yalikuwa mazima, wakapokea nusu iliyohusu mahali pao na kuacha nusu iliyohusu mwenendo wao. Yeremia alikuwa na maneno kwa watu wa namna hiyo mahali pengine: mlio na macho ila hamwoni, mlio na masikio ila hamsikii (5:21).

Katika utetezi wake hakupunguza neno wala kuomba radhi. Alirudisha lile sharti lililodondoshwa, akasema yuko mikononi mwao, wamtende waonavyo, ila wakimwua watajiletea damu isiyo na hatia.

Wazee kutoka mashambani

Sasa tazama nani aliona. Wataalamu wa mambo ya Mungu walitaka auawe. Maofisa wa ikulu pamoja na watu wote, walewale waliokuwa wamemkamata dakika chache nyuma, walisema hastahili kufa, amesema nasi kwa jina la BWANA. Kisha wakasimama wazee wa nchi, na hao ndio ninaowapenda katika kesi hii. Walisema: Mika Mmorashti alitabiri siku za Hezekia kwamba Sayuni utalimwa kama shamba na Yerusalemu utakuwa magofu. Je, Hezekia alimwua? La, alimcha BWANA, na BWANA akaghairi.

Ni mahali pekee katika vitabu vya manabii ambapo watu wanamnukuu nabii wa zamani kwa jina lake, kama mawakili wanavyotaja hukumu ya kesi iliyotangulia. Lakini angalia Mika alitoka wapi. Moreshethi ilikuwa huko chini kwenye vilima vya magharibi, eneo la Lakishi. Sura ya 1 ya kitabu chake inaililia miji ya huko mmoja mmoja, Lakishi ikiwemo, Moreshethi-gathi ikiwemo. Mwaka 701, ambao Yerusalemu iliusimulia kuwa mwaka wa kuokolewa, kwa watu wa huko ulikuwa mwaka wa miji 46. Wazee wa nchi, wasio wa mji, walikuwa na kila sababu ya kukumbuka kwamba yule malaika wa BWANA aliyelipiga jeshi la Waashuri (Isaya 37:36) hakufika kijijini kwao.

Hivyo kesi ikaamuliwa na kumbukumbu za pembezoni: Shilo ya yule wa Anathothi, na Mika wa wale wazee. Katikati ya mji palikuwa na zaburi nzuri na ukuta wa mita saba.

Sitaki kuufanya ushindi huo mkubwa kuliko ulivyokuwa. Mara tu baada ya wazee kusema, sura ya 26 inaleta habari ya Uria mwana wa Shemaya wa Kiriath-yearimu, aliyetabiri maneno yaleyale. Akakimbilia Misri, Yehoyakimu akamtuma Elnathani mwana wa Akbori akamrudisha, akauawa kwa upanga na maiti yake ikatupwa makaburini mwa watu wasio na cheo. Yeremia aliponea kwa sababu mkono wa Ahikamu mwana wa Shafani ulikuwa pamoja naye. Ahikamu alikuwa mmoja wa watu ambao Yosia aliwatuma kwa nabii mke Hulda kile kitabu cha torati kilipopatikana. Hoja ya wazee ilikuwa nzuri, na Uria alikuwa na hoja hiyohiyo. Alichokosa ni mtu ikuluni.

Elnathani anarudi tena kwenye hadithi, mwaka 604 KK. Mfalme ameketi mbele ya moto wa majira ya baridi, gombo la Yeremia linasomwa, na kila kurasa tatu au nne zikiisha anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni. Elnathani, aliyemleta nabii mmoja kufa, ni mmoja wa watatu waliomsihi mfalme asilichome gombo. Hakusikilizwa. Mwingine kati ya hao watatu ni Gemaria, na gombo lilikuwa limesomwa kwanza katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani, ambaye wengi humchukulia kuwa ndugu yake Ahikamu.

Mwaka 1982, katika uchimbaji ulioongozwa na Yigal Shiloh kwenye Mji wa Daudi, zilipatikana tonge 51 za udongo zilizogongwa mihuri, mabaki ya nyaraka ambazo zenyewe ziliungua Wababeli walipouchoma mji. Moto ulioteketeza nyaraka uliuoka udongo. Tonge moja ina jina la Gemaryahu mwana wa Shafani.

Hekalu lilichomwa mwaka 587 KK, au 586 kwa hesabu ya wengine. Wababeli walimweka Gedalia kuwa liwali huko Mispa, na huyo Gedalia alikuwa mwana wa Ahikamu yuleyule. Ishmaeli wa ukoo wa kifalme akamwua. Siku iliyofuata, kabla habari haijaenea, walitokea watu 80 njiani, ndevu zimenyolewa, mavazi yameraruliwa, mikononi wana sadaka za unga na ubani. Walikuwa wakizipeleka katika nyumba ya BWANA, ambayo kwa wakati huo ilikuwa majivu. Ishmaeli aliwatokea akilia, akawakaribisha ndani ya mji, akawachinja 70 na kuwatupa ndani ya birika. Kumi walipona kwa kumwambia wana ngano, shayiri, mafuta na asali walivyovificha mashambani. Yeremia 41:5 inataja walikotoka: Shekemu, Samaria, na Shilo.